Migebuka Waliobaki Forodhani

Unga wa ulezi unapotoka mashineni huwa na joto, na ukiinamisha uso juu ya ndoo unasikia harufu mbili kwa pamoja: ya nafaka iliyoungua kidogo na ya dizeli ya injini. Hiyo ndiyo harufu ya mwaka niliotimiza miaka tisa. Bibi yangu Yustina, mama yake baba, alinichukua kwenda naye mashineni pale Mwimbi asubuhi moja ya mwezi wa sita, wakati baridi ya Ufipa inachoma masikio na mahindi yamelundikwa uani yakisubiri kupukuchuliwa. Hakunichukua nimsaidie kubeba, maana sikuweza kubeba hata kidumu kidogo cha maji. Alinichukua kwa sababu hakutaka nikae mbali na macho yake. Tulikuwa tunatembea hatua chache, nachuchumaa nipate pumzi, yeye anasimama upande unaotoka upepo na kunikinga kwa kitenge chake, kisha tunaendelea. Wenzangu shuleni walishazoea kuniona nimechuchumaa katikati ya mchezo, midomo imegeuka rangi ya zambarau, na wala hawakusimamisha mchezo kwa ajili yangu.

Daktari wa hospitali ya mkoa, Sumbawanga mjini, alikuwa amemwambia baba kwamba moyo wangu una tundu. Miaka ile upasuaji wa namna yangu haukuwa unafanyika hapa nchini, kwa hiyo nikaingizwa kwenye kundi la watoto sita waliopelekwa India kwa gharama ya serikali, kila mmoja na mlezi mmoja tu. Mama alikuwa na mdogo wangu mchanga wa wiki tatu. Baba alijiandaa kwenda, lakini mama naye alikuwa bado anaumwa tangu kujifungua, na mavuno mengine yalikuwa bado shambani. Ndipo Bibi, aliyekuwa kimya pembeni ya moto akichambua maharage, akasema, “Nitakwenda mimi.” Baba akacheka bila furaha. “Mama, wewe hujafika hata Mbeya.” Bibi hakuinua macho kwenye ungo. “Kwani huyu mtoto amefika?” akauliza, na maneno yakaishia hapo.

Kuanzia siku ile hadi tulipoondoka sikumwona akikaa bure. Alishona mifuko miwili ya kitambaa cheupe. Mmoja akaujaza ule unga wa ulezi, akaushindilia mpaka ukawa mgumu kama mto wa kulalia, na wa pili akautia maharage ya njano aliyoyachagua moja moja. Kaka yake aliyekaa Kasanga, ziwani Tanganyika, akatuletea migebuka wakavu kumi, wamekaushwa kwa moshi mpaka wamekuwa wekundu na wanang'aa kwa mafuta. Bibi aliwafunga kwenye magazeti, juu ya magazeti nailoni, juu ya nailoni kitenge, na bado chumba kizima kilinukia samaki. Nilipenda ile harufu. Nilikuwa mtoto wa kukataa chakula, natafuna tonge moja mpaka linapoa mdomoni, lakini mgebuka nilikuwa naomba mwenyewe.

Dar es Salaam tulipokelewa na Nesi Halima, mama mnene mwenye sauti ya upole, ambaye alikuwa akisafiri na kundi letu lote. Alimwamkia Bibi shikamoo kwa kupiga goti kidogo, na nikaona Bibi amempenda palepale. Lakini Nesi aliwakusanya walezi akawaeleza kuwa chakula kipo kule hospitali, na kwamba watu wa forodha wa nchi ile ni wakali kwa vyakula, hasa samaki na mbegu, hivyo mwenye navyo aviache. Bibi akaitikia, “Sawa, mwanangu.” Kisha akaenda kwenye begi letu, akatoa nguo zote, akaweka chakula chini kabisa, akarudisha nguo juu yake.

Ndani ya ndege tuliletewa wali wa manjano wenye viungo vikali. Bibi alifunua, akanusa, akafunika tena kwa adabu kama mtu anayefunika uso wa mgonjwa aliyelala, akamwambia mhudumu ahsante. Tulipokaribia kutua, Nesi Halima alipita akitujazia fomu. “Bibi, una chakula chochote kwenye begi?” “Sina,” akasema Bibi. Nesi akaandika. Mimi nikamtazama Bibi usoni, naye akaniinamia sikioni na kuniambia kwa Kifipa kwamba wakitufungulia mzigo, niseme ni dawa. Sasa, mwaka ule ndio nilikuwa najiandaa na komunyo ya kwanza. Amri kumi nilikuwa nazijua kwa mpangilio. Na nilijua jambo jingine ambalo watu wazima walidhani silijui: kwamba nitalazwa, nitapasuliwa kifua, na kwamba huenda nisiamke. Katika akili yangu ya miaka tisa, uongo wa siku mbili kabla ya kupasuliwa ulikuwa uongo ambao nisingepata nafasi ya kuuungama.

Walitufungulia mzigo. Ofisa wa forodha alikuwa mwanamume mwembamba mwenye sharubu, na nadhani ile harufu ya moshi ndiyo iliyomwita. Alitoa sweta yangu, akatoa vitenge vya Bibi, kisha akaweka mezani kitu kimoja kimoja: mfuko wa unga, mfuko wa maharage, furushi la samaki. Uso wa Nesi Halima ulibadilika. Akamuuliza Bibi kwa Kiswahili, taratibu, hivi ni vitu gani. “Dawa ya mtoto,” akajibu Bibi bila kupepesa. Ofisa akatafsiriwa. Akazunguka meza, akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakawa sawa, akaniuliza kwa lugha yake. “Anakuuliza wewe,” Nesi akasema. “Anataka kujua hiki ni nini.”

Nikasema, “Ni chakula. Ni ulezi, na maharage, na migebuka.”

Bibi alifumba macho. Ofisa akasimama, akavuta maharage na samaki upande mmoja wa meza, akafungua mfuko wa unga, akamwita mwenzake, wakawa wanauchungulia ule unga wa kahawia na kuongea. Ndipo Bibi akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Akauvuta mfuko kwake polepole, akachota unga kwa vidole vitatu, akautia mdomoni mkavu vilevile, akautafuna. Ulimpalia. Akakohoa, vumbi la kahawia likatoka puani, watu wa nyuma yetu wakaanza kucheka, naye machozi yanamtoka bado akamnyooshea ofisa kiganja chenye unga, kama anavyomkaribisha mgeni nyumbani. Yule bwana alitazama kile kiganja kwa muda. Kisha akachovya kidole, akaonja, na uso wake wote ukalegea. Alisema maneno mengi, na Nesi akayafupisha: “Anasema mama yake kijijini anapika uji wa nafaka hii hii. Unga chukueni. Samaki na maharage ni sheria, hawezi.” Alifunga mfuko kwa fundo lile lile la Bibi, akaurudisha. Migebuka wakaingia kwenye pipa kubwa la bluu, na nilisikia walivyogonga chini.

Njia nzima kwenye basi la hospitali Bibi hakunisemesha. Nesi Halima alimgombeza kidogo, kwa heshima, akimwambia kuwa dawa isiyo na karatasi ingeweza kutuweka uwanjani siku nzima. Bibi akaitikia tu. Tulipofika chumbani nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza, “Bibi, umenikasirikia?” Akaketi kitandani, akanivuta karibu. Akaniambia kwamba kabla ya baba yangu alikuwa na mtoto mwingine, wa kwanza, msichana, aliyeitwa Sabina. Jina langu. Alikuwa na umri kama wangu alipolazwa, na alikataa kila kitu alicholishwa. Siku moja akasema, mama, nataka mgebuka. “Nikafurahi,” Bibi akasema. “Nikatembea mpaka nyumbani, nikampikia, nikatembea kurudi. Nilipofika na bakuli, kitanda walishakitandika upya.” Akanishika mkono. “Sijakukasirikia. Nilikuwa naogopa kufika mikono mitupu.”

Nililia kwa ajili ya wale samaki kuliko nilivyowahi kulilia maumivu yangu mwenyewe. Bibi alinifuta kwa ncha ya kitenge, akaniambia ninyamaze, moyo wangu usichoshwe, una kazi kubwa mbele yake.

Nilipasuliwa, na niliamka. Lakini baada ya kuamka sikula. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, walileta wali, walileta supu, walileta maziwa, nami nikafunga mdomo. Sikuwa mkaidi, chakula chote kilinuka kama nyumba ya mtu nisiyemjua. Daktari akaanza kuongea na Nesi kwa sauti ya chini. Asubuhi ya siku ya nne Bibi, asiyejua neno moja la lugha ya pale, alichukua mfuko wake akaenda kwenye jiko la hospitali, akawaonyesha wapishi unga kisha akaonyesha sufuria. Wakampisha. Alirudi na kikombe cha plastiki cha njano, uji mwepesi bila sukari, Nesi akamwuliza daktari, daktari akakubali kwa kichwa. Nilisikia ile harufu kabla sijaona kikombe. Nilikunywa chote. Bibi alisimama pale ameshika kikombe kitupu, akageukia dirisha, mabega yakitikisika, na hakugeuka kwa muda mrefu. Kuanzia kesho yake alipika sufuria kubwa, maana watoto wengine watano nao waliutaka, hata yule wa Kilwa ambaye kwao ulezi haulimwi.

Tuliporudi Mwimbi mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Nilishuka kwenye gari nikakimbia mpaka mlangoni, na mama alipoona midomo yangu alikaa chini kwenye tope. Bibi aliisimulia safari hiyo kwa miaka mingi, harusini na misibani, na kadiri miaka ilivyokwenda ikawa ni yeye aliyemwambia ofisa ukweli. Sikumsahihisha hata mara moja.

Sasa nina miaka zaidi ya thelathini na naishi Dar es Salaam. Mambo yamekuwa rahisi, na sitaki kujifanya kwamba zamani ilikuwa bora. Mtoto mwenye tatizo kama langu anatibiwa humu humu nchini, na barabara ya Sumbawanga ni lami. Ulezi unauzwa dukani kwenye pakiti zenye picha ya mtoto anayecheka. Nimejaribu aina zote, na ni uji tu. Bibi alifariki nikiwa mwaka wa mwisho wa chuo. Kila mwaka nakwenda kupimwa, daktari anaweka chombo chake kifuani pangu, anasikiliza, ananiambia moyo unapiga vizuri kabisa. Mume wangu huniuliza kwa simu, nikamjibu, akasema afadhali, na tunaongea mengine. Ananipenda, najua. Lakini natoka pale hospitalini, nasimama kivulini barabarani na habari yangu njema mkononi, na yule ambaye angeniuliza mara tatu, kisha akaniambia nirudie tena, taratibu, neno kwa neno kama daktari alivyosema, hayupo.