Sabufa yangu na sahani ya Mama Neema

Nikazima sabufa haraka, nikajikausha kimya.

Mama Neema, jirani yangu hapa Mkonze, alikuwa anagonga mlango. Nikajua kaja kunigombeza. Boksi la sabufa nimelipigilia mwenyewe kwa plaiwudi, spika ya gari ya mtumba, besi inatikisa mpaka mabati.

Miezi minne hapa, hakuna aliyewahi kunigongea.

Mara namsikia anamwambia mwanawe, “Huyu kijana kajifungia! Basi mwachie sahani hapo. Nilitaka aje na mziki wake, ubatizo wetu umepoa kama msiba.”

Nafungua, wameshaondoka. Pilau chini, limefunikwa.

Nimelila peke yangu, jamani. Mngekuwa nyie mngefungua?

Kwao bado kimya. Acha niende. Sahani ya watu hairudishwi tupu, na sabufa nimeshaichomoa.