Si Jua, Si Theluji

Binti yangu alikuwa na miaka saba siku basi la shule lilipozima injini kwenye barabara kuu ya Al Khuwair, hapa Maskati, mwezi wa Mei, saa saba na nusu mchana. Kiyoyozi nacho kikazima. Watoto wengine walijipepea kwa madaftari, wakafika makwao wamelowa jasho, basi. Wangu alifika amebebwa na msimamizi wa basi, midomo imekauka, akisema kwa sauti ndogo, "Mama, mgongo. Mama, miguu."

Ana ugonjwa wa selimundu, ambao kwetu tunauita siko seli tu. Mwili wake ukikaukiwa maji, damu hukwama kwenye mishipa, na pale inapokwama huja maumivu ambayo sina neno lake. Mie na mume wangu ni watoto wa ndugu wawili. Kila mmoja alikuwa amebeba nusu ya ugonjwa huu bila kujua. Mama yangu, aliyezaliwa Unguja akaletwa Omani akiwa msichana, ndiye aliyetuoza. Hajapata kulitaja hilo, wala mie sijapata kumwambia, lakini kila mtoto akilazwa, yeye hufunga saumu siku tatu.

Daktari alitwambia yale yale ya siku zote: maji kila saa, asikae juani. "Na baridi pia inamdhuru," aliongeza. Hilo la pili halikuniingia. Nani Maskati anafikiria baridi? Tangu Aprili mpaka Oktoba nilikuwa nikifunga mapazia na kumweka mtoto chumbani na chupa yake ya maji. Bomba la maji baridi lilitoa maji ya kuunguza, kwa sababu tangi liko juu ya paa. Watoto wa jirani walitoka kucheza jua likishazama. Wangu aliwatazama kupitia kioo. Alikuwa hajui hata kupanda baiskeli.

Ndipo mume wangu, ambaye ni mhandisi wa mabomba ya maji, akapata kazi Kanada, mji ule ule anaoishi kaka yangu. Kaka akanipigia simu. "Mlete mtoto huku," alisema. "Huku hakuna jua la kumkausha. Ndani ya nyumba joto ni la kiasi mwaka mzima." Mume wangu alikuwa na miezi miwili ya kujibu. Tukakubaliana twende tukaone kwanza, mwezi wa Januari.

Mama alipinga. "Nnakwambia, jua unalijua. Hiyo baridi huijui."

"Na hilo jua ninalolijua linaniulia mwanangu," nikamjibu.

Akaenda kukunja soksi za mjukuu wake.

Siku tatu za mwanzo niliona kama tumefunguliwa jela. Nyumba ya kaka ilikuwa na madirisha makubwa na hakuna aliyefunga pazia. Mtoto alikunywa maji yake, akala, akacheka. Siku ya nne theluji ilianguka tangu alfajiri, na kufika saa nne asubuhi jua lilitoka, jua jeupe lisilo na moto wowote. Nilimvisha nguo mpaka akatembea kama bata. Tulisimama mlangoni na simu yangu.

"Vua glavu moja," nilimwambia. "Shika theluji, bibi auone mkono wako."

Akavua. Picha ya kwanza alifumba macho. Ya pili kidole changu kiliziba. Ya tatu ilitoka vizuri. Hazikufika dakika tano.

Baada ya chakula cha mchana vilianza vidole. Kikafuata kiwiko, kisha bega, kisha mbavu. Kabla ya magharibi tulikuwa hospitali. Muuguzi alikuwa mpole sana. Alipiga magoti kando ya kitanda akamwuliza kwa Kiingereza wapi panauma na panaumaje. Binti yangu anasoma vitabu kwa Kiingereza, ananishinda mie, lakini siku ile Kiingereza chote kilimtoka. "Yananitafuna," alilia kwa Kiswahili. "Mama, mwambie yananitafuna!" Nilimwambia muuguzi kwamba mtoto anaumwa sana. Sikujua kusema zaidi ya hapo, na nilijiona mjinga, mama mzima, nimesimama na mkoba mkononi.

Tulikaa siku sita, mie na mume wangu tukipokezana kando ya kitanda. Daktari wa kule alisema wako wagonjwa wengi wanaoishi vizuri nchini mwake, ilimradi wajikinge na baridi, wakae ndani.

"Baridi inachukua muda gani?" nikamwuliza.

"Miezi mitano. Pengine sita."

Nikacheka. Kaka alinitazama kwa hofu, maana kicheko hakikuwa changu. Mtoto alifumbua macho akauliza, "Mama, hakuna nchi ya katikati?"

Tuliporudi, mama alisema ipo, Unguja. Lakini kule hatuna tena nyumba wala mtu, na malaria kwa mgonjwa kama wangu ni kumtafutia kaburi. Nilimjibu kwa ukali. Picha ile sikumwonyesha.

Wiki moja baadaye tulitoka kumpima damu. Mume wangu aliwasha gari, lakini hakuliondoa.

"Nimewajibu ndiyo wale wa Kanada," alisema.

"Lini?"

"Jana."

"Umemwona vile alivyokuwa, kisha ukawajibu ndiyo?"

"Hapa nimemwona vile mara ngapi?" Alishika usukani kwa mikono miwili. "Nimechoka kukaa nikitazama. Nilitaka nifanye kitu."

"Mie simrudishi kwenye theluji."

"Na mie siwezi kurudi kwenye yale mapazia."

Hatukupandisha sauti, mtoto alikuwa nyuma. Aliondoka mwezi wa Machi, peke yake.

Huu ni mwaka wa pili. Tumepanga kuishi kama ndege: wakati wa baridi tukae Maskati, ambapo Disemba mtoto anaweza kukaa nje hata adhuhuri, na shule zikifungwa tumfuate baba yake kule kwenye majira yao ya joto. Kwa mdomo mpango ni mzuri. Mwaka jana ulifaa majuma saba. Alijifunza baiskeli, akaanguka, akafurahi kuwa na kovu kama watoto wengine. Lakini joto la hapa halifuati kalenda ya shule, huanza Aprili, na mitihani haimsubiri mtu.

Tiketi za mwaka huu ni za wiki ijayo. Juzi maumivu yamemwanza tena, safari hii kifuani, na daktari amemkataza kupanda ndege. Nimempigia mume wangu. Alikuwa bustanini, nikasikia watoto wa watu wakicheza nyuma yake.

"Nije?" aliuliza.

"Ukija utafanya nini?"

Simu hakuikata. Nilikaa na simu sikioni nikiwasikiliza wale watoto, na kwa mkono mwingine nikimnywesha wangu maji kwa kijiko, kimoja, kingine, na nje ilikuwa bado ni Juni.