Kabati Lenye Vioo Juu na Chini

Mama alitaka kabati la vyombo la kawaida, kama la wenzake hapo Kariakoo: juu vioo, vyombo vya wageni vionekane, chini milango ya mbao, ndani masufuria na vile ambavyo mgeni havimhusu. Alimchorea fundi kwa chaki kwenye sakafu ya jiko. Fundi, mzee wa Kizaramo mwenye karakana mtaa wa Gerezani, akauelewa mchoro, akaanza kupima ukuta.

Baba akaingia kutoka dukani kwake, akasimama juu ya chaki. Ilikuwa miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, kila mwenye duka anaitwa mlanguzi, na jirani yetu muuza vitenge mgambo walikuwa wameshamchukua. Wengine kwa hofu walikuwa wanatupa sabuni walizoficha bondeni Jangwani. Baba hakuwa ameficha hata kiberiti, lakini aliogopa, jamani, mpaka akakonda.

"Na chini weka kioo," akamwambia fundi.

"Mangi," fundi akasema, kama walivyoitwa Wachaga wote wenye maduka, "masufuria yenye masizi utamwonyesha nani?"

"Atakayekuja kupekua."

"Baba watoto, jiko ni langu," Mama akasema.

"Na kesi itakuwa ya nani?"

Fundi akafuta chaki kwa kandambili yake, akachora upya.

Kabati likaja, mninga mtupu, zuri ajabu, na Mama hakulipenda hata siku moja. Nyumba yetu ilikuwa ya wapangaji wengi, choo kiko uani, kwa hiyo kila aliyekwenda msalani alipita mlangoni pa jiko letu na kuona tunachokula.

Mwaka huo nilikuwa najiandaa kupata kipaimara. Kwetu Wachaga hiyo ni sherehe hasa, ndugu wote wa mjini wanakuja, na huwezi kuwapa chai bila sukari. Mama akawa anadunduliza sukari ya mgao, sisi tunakunywa uji wa chumvi. Aliificha uvunguni. Baba akaikuta, akaihamishia kabatini kwa mikono yake. "Hii ni halali yetu," alisema. "Ikae wazi."

Basi mtaa mzima ukaiona. Nani alikwenda kusema sijui, na siku hizi sitaki kujua.

Mgambo walikuja na mjumbe wetu wa nyumba kumi. Hawakuhitaji kufungua mlango hata mmoja. Mmoja alinyoosha kidole kwenye kioo cha chini, akauliza sukari yote hiyo ya nini. Baba akaeleza habari za kipaimara, taratibu, bila wasiwasi, maana aliamini kabati lile ni shahidi wake. Wakacheka. Dukani walipekua wasipate kitu, wakasema mwenye sukari nyingi hivi nyumbani lazima ana ghala mahali. Wakamchukua pamoja na sukari.

Nilimkasirikia yeye kuliko wao. Mtu mzima na akili zake, anadhani mwenye kukutafutia makosa atatulia ukimwonyesha kila kitu!

Aliugua kifua huko mahabusu. Tulirudishiwa maiti.

Ndugu wa mjini wakaja wote, wale wale wa kipaimara changu. Majirani wa kike wakaingia jikoni kutupikia, kama ilivyo msibani, ambako kwa kawaida wapishi huanza kwa kuuliza sukari iko wapi. Siku hiyo hakuna aliyeuliza. Walilitazama kabati, wakainjika uji wa chumvi.