Mtama Umeshavunwa

Wasifu wa mke wangu ulisomwa makaburini hapa Ihumwa mwezi wa kwanza. Ulikuwa mfupi. Marehemu Paulina alizaliwa Kongwa, akaolewa, alikuwa mkulima, alisumbuliwa na presha, ameacha mume, watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja. Basi, tukafukia.

Maneno yale niliyatoa mimi. Katibu wa kanisa aliuliza, mimi nikajibu. Nilikuwa nimechoka. Uongo haumo, ila mengi hayamo. Haimo kwamba alikuwa mwigizaji. Na watoto aliozaa hawakuwa wanne. Mimi kusoma kwangu ni kwa ngumbaru, darasa la watu wazima, kuandika ni kwa shida, lakini naandika ili wajukuu wayakute.

Maigizo yenyewe aliyaanza ana miaka sitini na tatu. Ila kuigiza watu, hiyo alikuwa nayo tangu namwoa. Alitembea kama mchungaji, akapiga chafya kama mtendaji wa kata, akakohoa kama mimi. Wanawake wanacheka jikoni mpaka mlenda unaungua.

Kikundi kilikuwa cha Octavian, kijana wa Bukoba, karani aliyehamia Dodoma pamoja na ofisi yake. Walikutana kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa. Wengi wao wafanyakazi wa serikali na wanafunzi, vijana watupu. Wakakosa mtu mzima wa kuwa mama. Evodia, mmoja wao na mpangaji wetu wa chumba cha uani, akasema, "Huyo mama mwenye nyumba wangu mkimwona mtakoma."

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kufundisha watu habari za malaria. Mama anamwacha mtoto mgonjwa nyumbani, anakwenda shambani. Anaporudi, mtoto hayupo tena duniani. Mwisho mama anasimama mbele ya majirani anasema, "Nilimwacha peke yake." Octavian alitunga mwenyewe, kichwani mwake. Hakujua kitu.

Paulina hakujua kusoma kabisa. Evodia alimsomea mchezo wote jikoni, jioni moja. Alipomaliza, Paulina akasema, "Nitakuwa mimi huyo mama."

Nikamwambia, "Acha."

"Kwa nini?"

Tulijua wote wawili.

Mtoto wetu wa kwanza aliitwa Elisha. Alikuwa na miaka sita. Mwaka ule ndege wa kweleakwelea walikuja kama moshi, na mtama ulikuwa umebakiza siku chache kukomaa. Anayelima mtama anajua. Unajenga dungu, kijukwaa cha miti katikati ya shamba, unapanda juu alfajiri na kombeo lako na madongo, unaamia ndege mpaka jua lizame. Unapiga kelele, unatupa, unapiga kelele. Ukishuka ukanywe uji, ukirudi unakuta mabua.

Mtoto aliamka na homa. Paulina alitaka kubaki. Mimi nilikuwa natoka na ng'ombe. Nikamwambia, "Homa ya mtoto itashuka. Mtama hautungoji." Akaenda shambani. Akamwachia Elisha maji kwenye kibuyu. Saa nane mchana alishuka kwenye dungu, akarudi nyumbani.

Mtama mwaka ule tulivuna vizuri.

Watu walikuwa wakimwita Mama Elisha. Baada ya msiba wakaanza kumwita Mama Ruthu, kwa kuwa Ruthu ndiye aliyekuwa mgongoni. Walimhurumia. Yeye akaitika. Na mimi na yeye hatukulizungumza jambo lile, miaka thelathini na zaidi.

Sasa kwenye mazoezi, Paulina aliweza yote. Aliweza kutwanga pasipo kinu, ukaona kinu. Akifika kwenye neno lile la mwisho, anakimbia. Analitupa kama dongo la kombeo, upesi, huku ameshageuka kuondoka.

"Mama, hatujasikia," Octavian anasema.

"Mmeziba masikio?"

"Rudia, mama yangu."

Anarudia, anakimbia tena. Au anaomba maji. Au anamwigiza Octavian anavyosema "rudia, mama yangu", wote wanacheka, na neno linapita.

Ndipo Octavian akamleta Bupe. Binti wa Mbeya, mwalimu wa maigizo chuoni kule mjini. Mimi nilikuwa nambebea Paulina mkeka, nikawa nakaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha. Niliyaona.

Bupe hakuwafundisha kusema. Aliwakalisha chini, wote.

"Fumbeni macho," akasema. "Fuateni pumzi. Inaingia, inatoka. Msiivute. Wazo likija, lione tu, liache, rudi kwenye pumzi. Mwigizaji asiyeweza kukaa na kilichomo ndani yake, atakikimbia mbele za watu."

Ukumbi ukatulia. Kijana mmoja, Brighton, akaanza kukoroma. Halafu nikasikia sauti ya mke wangu.

"Hooo! Swaaa!"

Nikachungulia. Amefumba macho, mkono uko juu, anazungusha kombeo lisilokuwapo. Brighton ameamka anatafuta mlango.

"Mama, vipi?" Bupe akauliza.

"Nafukuza."

"Unafukuza nini?"

"Mawazo. Si umesema yatakuja?"

Wakacheka sana. Bupe naye akacheka, kisha akasema, "Nimesema uyaache, mama. Yatue, yaondoke yenyewe."

"Mwanangu," Paulina akamwambia, "wewe hujawahi kulima mtama."

Lakini hakuacha. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alitoa kigoda chake akakaa karibu na mlango wa jiko, mikono magotini. Nilimwona kutoka kitandani, mlango ukiwa wazi. Pumzi ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu, ule mkono wa kulia unaruka kidogo, kama wa mtu anayeota. Anaushika kwa mkono wa kushoto. Unaruka. Anainuka, anawasha moto.

Siku moja nilimuuliza, "Unaona nini?"

"Unajua ninachoona."

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Si jambo la kujisifia.

Mwezi wa tano Bupe akaja shambani kwetu. Alitaka kuona huko kuamia kukoje. Alifika na miwani ya jua na chupa ya maji.

"Mbukwenyi!" akatusalimu, maana alikuwa amefundishwa Kigogo cha salamu. Kisha akanigeukia, "Shikamoo baba."

"Marahaba."

Paulina akampandisha kwenye dungu, akampa kombeo, akamwambia, "Mimi nakwenda kuchuma mlenda. Linda."

Tulirudi baada ya muda si mrefu. Binti amekaa juu, miguu ameikunja, amefumba macho. Ndege wamejaa upande wa mashariki, masuke yanainama kwa uzito wao. Paulina akatupa kikapu, akapiga kelele, wingu zima likainuka.

"Nilikuwa nafuata pumzi, mama," Bupe akasema. Alikuwa anataka kulia.

Paulina alikaa chini kwa kicheko. "Umeona sasa? Pumzi imetulia, na ugali umeondoka!"

Hata mimi nilicheka. Mistari miwili ya mtama ililiwa siku ile, na sikumlaumu mtu.

Tukavuna mwezi wa sita. Mchezo ulikuwa uonyeshwe mwezi wa nane, Kongwa, mnadani. Katikati ya mwezi wa saba Octavian alikuja nyumbani, akaamkia, akakaa kwenye kiti mbele kabisa, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mama Ruthu, nakuheshimu," akasema. "Lakini neno lile ndilo mchezo wote. Likipotea, watu watafikiri tumekuja kuwachekesha. Jumamosi mbili zimebaki. Kama bado, Evodia atachukua nafasi yako. Wewe utakuwa jirani."

"Jirani anasema nini?"

"Jirani analia tu."

"Haya, baba."

Evodia alikuwa uani anafua. Akaja amelowa mikono. "Mama, mimi siitaki hiyo nafasi. Mwambie Octavian akaigize mwenyewe, afunge kanga."

Paulina alicheka kidogo. Lakini Octavian alipoondoka, aliniambia mimi, mimi peke yangu, "Neno hili nisipolisema kwa njia hii, sitalisema popote. Nitakufa nalo." Akaingia ndani.

Jumamosi ya kwanza ilipita. Alikimbia tena.

Siku iliyofuata baada ya ibada alikwenda shambani kuleta mabua ya kuwashia moto. Akakawia. Nikamfuata. Shamba lilikuwa tupu, vishina tu na dungu. Yeye amekaa chini, si juu ya dungu, chini kwenye vumbi, mikono magotini kama alivyofundishwa. Ndege walikuwa wameshuka pande zote, wanaokota punje zilizodondoka. Wengine hatua tatu kutoka kwake.

Mimi mkono wangu ulipanda wenyewe. Nilikuwa nimefungua mdomo nipige kelele.

"Waache," akasema. Hakufumbua macho.

"Watakula."

"Watakula nini? Mtama umeshavunwa, Yotham. Umevunwa zamani. Mimi bado naamia tu."

Nikasimama palepale. Sikuwa na pa kuweka mkono wangu.

Tulipokuwa tunafunga mzigo nikamuuliza, "Amekuja?"

"Amekuja. Na kibuyu chake."

"Ukafanyaje?"

"Nilipumua. Akakaa kidogo."

Jumamosi ya pili hakufanya mazoezi. Alimwambia Octavian, "Nipeleke Kongwa. Nikikimbia huko, mpe Evodia moja kwa moja, hata sitakuja kuomba." Octavian akamtazama Bupe. Bupe akasema, "Mpeleke."

Mnadani Kongwa ni vumbi, moshi wa nyama na mbuzi kila mahali. Kwao ndiko huko, na wengine walimfahamu tangu msichana. Kikundi kilitundika shuka nyuma, wakapiga ngoma, watu wakajaa. Mimi nilisimama pembeni na kapu lake. Alitwanga, wakacheka. Alimgombeza mume wa kwenye mchezo, wanawake wakapiga vigelegele. Mtoto akafa nyuma ya shuka. Paulina akatoka, akasimama mbele ya watu.

Akanyamaza.

Nikaona mkono wa kulia umeruka. Mara moja. Akauacha, hakuushika.

Octavian akachomoza kichwa kwenye shuka, macho yamemtoka. Evodia akanong'ona, "Nilimwacha... mama, nilimwacha..." Watu wakaanza kugeukiana. Mlevi mmoja akapaza sauti, "Bibi kasahau! Mpeni soda!" Wakaangua kicheko. Mbuzi naye akalia, kilio kirefu, kama anayechinjwa. Paulina alisimama. Niliona kifua chake kinapanda na kushuka, taratibu, kama pale kwenye kigoda. Alimngoja mbuzi amalize. Aliwangoja watu wamalize. Ikafika mahali hakuna anayecheka na hakuna anayejua kwa nini.

Ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida, ile ya kuomba chumvi, "Nilimwacha peke yake."

Hakugeuka kuondoka. Alibaki amesimama, anatutazama. Yule mlevi alivua kofia, akaiangalia, kama aliyeambiwa ni ya mtu mwingine. Mama mmoja alimshusha mtoto mgongoni akamgusa paji la uso.

Mchezo ulipokwisha, bibi kizee akapenya na mkongojo wake mpaka mbele. Aliitwa Raheli, mtu wa ukoo wao. Akamshika Paulina mkono. "Mama Elisha," akasema. "Pole, Mama Elisha." Jina hilo nililisikia kwa masikio yangu, baada ya miaka yote ile.

"Nimepoa, shangazi," Paulina akajibu.

Tulirudi nyuma ya lori, juu ya mikeka. Vijana wanaimba. Octavian amejilaza, ameshika paji la uso wake, anasema moyo wake ulisimama, nusura akampige yule mbuzi. Mimi na Paulina tulikaa nyuma kabisa. Tulipopita Buigiri nikamwambia, "Mimi ndiye niliyesema uende shambani."

"Najua."

"Kwenye mchezo umesema wewe peke yako."

"Mchezo ni wa Octavian." Kisha akasema, "Sogea, umenikalia kanga."

Nikasogea. Mbele kidogo aliegemeza kichwa begani kwangu, akalala.

Aliigiza mara nne baada ya pale. Kila mara alinyamaza, na kila mara alisema. Mwezi wa kumi na mbili miguu ikaanza kuvimba. Mwezi wa kwanza akaenda.

Juzi Evodia amekuja na kiti, tukakaa uani. Nafasi ni yake sasa. Aliniuliza, "Baba, mama alikuwa ananyamaza kwa muda gani? Nahesabu mpaka kumi, Bupe ananiambia bado naigiza."

"Pale Kongwa, mpaka mbuzi alipomaliza."

"Na pasipo mbuzi?"

Nikamweleza habari za Elisha, kibuyu, mtama, na maneno niliyosema asubuhi ile. Alikuwa mtu wa kwanza kunisikia nikiyasema, ukimwondoa Paulina. Evodia alilia. Mimi nilikuwa nimechoka tu, nikaomba maji.

Kile kigoda kiko palepale mlangoni. Asubuhi nakikalia. Mara nyingi nasinzia.

Basi wasifu naurekebisha hapa. Paulina, Mama Elisha, alizaliwa Kongwa. Alizaa watoto watano. Alikuwa mkulima na mwigizaji.

Mwaka huu sikupanda mtama. Dungu limeinama upande mmoja, na ndege wanapita juu bila kushuka.