Unga Mlangoni Siku ya Hina

Kibra ya ujana wangu ilikuwa majani na ng'ombe! Nikiwaambia vijana wa leo, waliokuta mabanda yamebanana hapa Nairobi, wanacheka, lakini mimi nilizaliwa humo humo, mtaa wa Makina, na ninajua ninachosema. Babu alikuwa askari Msudani katika jeshi la Mwingereza, ndiyo maana tunaitwa Wanubi. Alipochoka kupigana, aliambiwa ajenge huko msituni, alime na kufuga. Ukisimama kwenye baraza yetu hukuiona nyumba ya jirani kwa miti.

Ng'ambo ya msitu, ukivuka mto na kupanda mlima, kulikuwa na Kawangware, mashamba matupu ya Wakikuyu, na wakulima hodari hao! Sisi tulikuwa na maziwa na samadi. Wao walikuwa na wimbi, viazi vitamu na ndizi. Kina mama wa kule walikuja na mizigo mgongoni, mkanda wa ngozi umepita kichwani, wakarudi na samadi kwa migongo ile ile. Mmoja wao, msichana wa rika langu, alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Nilimfundisha kusuka tabaga, zile kawa zetu za rangi rangi za kufunikia chakula, naye akanifundisha kusaga wimbi bila kubakisha mchanga.

Halafu nikaposwa! Mwari wa Kinubi anatakiwa ainame na kuhuzunika, lakini mimi meno yote yalikuwa nje.

Tatizo lilikuwa unga. Harusi yetu bila kisra si harusi. Kisra ni mkate mwembamba kama kitambaa, na uji wake lazima ulale usiku kucha uchachuke ndipo umiminwe kwenye bamba la moto. Mwaka ule mvua iliingia ghalani, wimbi letu lote la akiba likaota. Mama akaagiza unga Kawangware, ufike siku ya hina kabla ya jioni. Usipofika, kesho yake wakwe wangefunua kawa zetu nzuri na kukuta sinia tupu. Mama alikuwa hali, halali.

Basi siku hiyo nimekalishwa mkekani, hina mbichi viganjani na miguuni, sina ruhusa ya kugusa kitu wala kusema neno. Wanawake wanapiga ngoma ya doluka mpaka kuta zinatetemeka. Siku ya hina ndiyo siku ambayo upande wa bwana harusi huleta nguo za bibi harusi, na desturi ni kuwafungia mlango mpaka watoe zawadi. Mlinzi wa mlango alikuwa shangazi yangu, mwanamke wa mabega.

Mara tukasikia wimbo wa Kikuyu ukija njiani. Mama wa mchumba wangu alikuwa Mkikuyu wa kuzaliwa aliyeolewa Kibra, kwa hiyo shangazi hakujiuliza mara mbili. Wakwe hao! Akapiga komeo.

"Hamwingii bure! Leteni kitu!"

Nje wimbo ukapanda. Kumbe kwao Kawangware, wanawake wanaoleta mizigo ya sherehe hawaitui mpaka wenye nyumba wawabembeleze. Wakafurahi kuona tunajua mambo.

"Tupeni kitu nyinyi! Migongo inauma!"

"Wakwe gani hawa wachoyo?" shangazi akang'aka. "Leteni!"

"Toeni!"

Vigelegele ndani, vigelegele nje, kila upande umenoga. Ndipo radi ikapiga, na matone ya kwanza yakaanza kugonga bati.

Nikaisikia sauti iliyokuwa ikiongoza wimbo. Nilikuwa nimeisikia sauti ile ya rafiki yangu miaka na miaka ikikata msitu kuja kwetu. Hawa hawakuwa wakwe hata kidogo.

"Ni unga!" nikapiga kelele. "Unga wetu uko nje!"

Kwa ngoma zile nani angenisikia? Shangazi aliona tu mdomo wangu umefunguka na macho yamejaa machozi, akadhani hatimaye ninalia inavyopasa. Akanipungia mkono kwa fahari.

Nikainuka. Nikakimbia na hina yangu katikati ya wapiga ngoma, nikalivuta komeo kwa mikono miwili.

Walikuwa wamejipanga uani, mizigo mgongoni, wakijikunja kuikinga. Rafiki yangu aliponiona alipasuka kicheko.

"Bibi harusi mwenyewe! Nitapewa nini?"

"Ingia! Nitakupa hata ng'ombe!"

Tulivuta mizigo ndani, hina ikibaki kwenye magunia, kwenye mlango, kwenye shingo yake. Wa mwisho alipoingia mvua ikamwagika. Mama alitumbukiza mkono guniani, akautoa umejaa unga mkavu, akakaa chini sakafuni akicheka. Shangazi alitazama viganja vyangu akashika kichwa.

Kesho yake nilitolewa mbele ya wakwe na mikono ya mabaka, kama mtu aliyechimba udongo. Wanawake wakanong'onezana. Bibi harusi gani huyu asiyeweza kutulia hata siku moja? Mama mkwe wangu akaja, akaishika mikono yangu, akaigeuza taratibu.

"Nasikia ulifungua mlango mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Unga ulilowa?"

"Haukulowa."

"Nami niliubeba unga kutoka Kawangware kwa njia hiyo hiyo nikiwa msichana," akasema. "Hakuna aliyewahi kukimbia kunifungulia."

Akafunua kawa, akamega kisra, akanilisha mimi kwanza, kabla ya mwanawe.