Jina la Fundi wa Tairi

Jedida hufunga leso kiunoni juu ya ovaroli, kisha huifutia rimu zenye grisi. Hilo ndilo la kwanza nililomchukia.

Alizaliwa Mtwapa, wazazi wake Wakamba. Babake, mzee Kyalo, alikuwa akiziba pancha na hakuwa na mtoto mwingine, basi binti akashika tairi kabla ya kushika mwiko. Sasa ana karakana yake hapa Malindi, na madereva wengi wa watalii wanamtegemea yeye. Hana mume. Hilo niliuliza mapema.

Jumatano taa ya manjano iliwaka kwenye dashibodi ya gari la mume wangu, Katana. Tairi zilikuwa na upepo wa kutosha, lakini taa haikuzima. Akaenda kwa Jedida, akarudi na maneno. Ndani ya kila gurudumu, nyuma ya vali, kuna kidude kiitwacho sensa, kazi yake kulipasha gari habari za upepo. Betri yake haibadilishwi. Ikiisha, sensa nzima hutupwa. Jedida kasema moja imekufa na zile tatu ni za umri mmoja nayo, bora zibadilishwe zote. Jedida kafungua tairi la nyuma asome namba, maana gari limetoka Uingereza na si kila sensa litaisikia. Jedida kaagiza Mombasa. Jumamosi arudi kufungiwa.

"Na wali je," nikamuuliza, "Jedida kasema unapikwaje?"

Akacheka, akaendelea kula.

Mimi nilikomea darasa la nane. Najua mume wangu amechoka kwa namna anavyovua viatu. Lakini jina langu hajawahi kulitaja kwa sauti ile anayolitajia la Jedida.

Jumamosi asubuhi, Katana akiwa anaoga, nilimfunga mwanangu Kache mgongoni, nikachuchumaa penye lile tairi la nyuma, nikabonyeza vali kwa kijiti cha kiberiti mpaka likalala. Nilidhani sasa haendi. Akili yangu iliishia hapo. Katana akatoka, akalitazama, akapiga simu. Si muda Jedida alikuwa uani kwangu na pampu yake.

"Hujambo, mama Kache."

"Sijambo."

Chai sikumkaribisha.

Alijaza upepo, akapaka maji ya sabuni tairi zima. Hakuna povu, hakuna msumari. Kisha akainama, akaokota kile kijiti. Akakitazama, akanitazama mimi, akamtazama mtoto. Akakitia mfukoni.

"Huenda ni mimi," akamwambia Katana. "Jumatano sikuikaza vali sawasawa."

Katana akabadilika uso. "Mimi nabeba watu, Jedida. Lingelala njiani je? Basi, sensa hizo atanifungia fundi Kombe."

Ndilo nililolitaka. Jedida alianza kukunja mpira wa pampu, polepole, kama mtu anayekunja nguo za mgonjwa. Nikamwona akilini Katana akifika stendi na kuwasimulia wenzake. Kufikia adhuhuri Malindi nzima ingejua kwamba binti Kyalo hawezi kukaza vali.

"Ni mimi," nikasema. "Upepo nimeutoa mimi."

"Kwa nini?"

"Tangu Jumatano umemtaja mara kumi na nne."

Jedida akadakia. "Baba Kache, chukua mtoto. Mama Kache, panda mbele. Kama ni kunihesabu, njoo unihesabie karibu."

Nikaenda naye karakana, yeye akiendesha, Katana nyuma na mtoto. Nikamtazama akifunga sensa zote nne, kisha akishika kimashine kidogo na kulijulisha gari kila moja imekaa gurudumu gani. Nilitafuta kosa. Sikuliona. Taa ikazima.

Tukirudi nyumbani, Katana hakulitaja jina la Jedida hata mara moja. Nikajua anajizuia, na hilo nalo likaniuma.