Ukurasa wa Mwisho wa Karani wa Mpakani

Niliondoka Mumias siku ya Ijumaa kwa sababu ya ujumbe wa simu ulionifurahisha na kunikera kwa pamoja. Ulitoka Jinja, kwa kikundi cha wapenzi wa katuni ambao sikuwahi kuwatia machoni. Walikuwa wanachagua katuni tano bora za zamani ili zichapishwe upya katika kitabu kimoja. Nne walikuwa wameshakubaliana. Nafasi ya tano ilikuwa bado inagombaniwa, na mmoja wao alikuwa amekumbuka Karani wa Mpakani, kitabu cha marehemu kaka yangu Idrisa. Waliniomba nilete nakala, kwa sharti moja: hawabishanii kitabu ambacho hakipo mezani, na nakala lazima iwe kamili, jalada hadi jalada. Fotokopi na picha za simu hawataki kuziona.

Mimi ni mwandishi wa mabango. Nasema “ni” kwa ubishi tu, maana tangu zije mashine za kuchapa mabango ya plastiki, hata vinyozi wameacha kuniita. Lakini ujanani, Idrisa alipochora Karani akiwa kibarua Jinja, mimi ndiye niliyemwandikia maneno yote kwenye viputo. Mwandiko wake ulikuwa kama wa kuku aliyekanyaga wino. Kurasa thelathini na mbili, kila herufi yangu. Kitabu kilipotoka, jalada lilikuwa na jina moja. Nilipomuuliza alicheka, akasema herufi hazina mwenyewe. Tuliendelea kula sahani moja mpaka alipofariki, ila kicheko kile hakikunitoka.

Mjane wake, shemeji yangu Rehema, alinisindikiza hadi kituoni. “Nenda, shemeji,” aliniambia. “Wajukuu wake hawajui hata kama babu yao aliwahi kushika kalamu. Wakiliona jina lake kitabuni, mimi nitaridhika.”

Nyumbani kwetu hakukuwa na nakala hata moja. Mchwa walifanya kazi yao. Ndiyo sababu sikwenda Jinja moja kwa moja, nilipitia Mbale, ambako zamani katuni zilikuwa zikikodishwa.

Saa tano, Malaba. Kijana wa dirishani aliuliza ninakwenda kufanya nini Uganda. Nikamwambia, katuni. Alinitazama mvi, akatazama picha yangu kwenye kompyuta, akatazama mvi tena, kisha akanipitisha bila neno. Nilikasirika kuliko kama angenikatalia.

Alasiri, Mbale. Nilifika mtaa wa Nabuyonga jua likiwa bado kali, nikaelekezwa kwa Hajati Zaituni. Mama huyu aliwahi kuwa na kibanda cha kukodisha katuni karibu na soko. Alinikaribisha kwa chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda chumbani akarudi na Karani wa Mpakani, kimeshonwa kwa uzi wa gunia na kuvikwa jalada la karatasi ya saruji. Nilikifungua. Herufi zangu hizo hapo, nyeusi, zimesimama wima. Nilitaka kulia, lakini nikaendelea kufungua, na nilipofika ukurasa wa thelathini na moja kitabu kikaisha.

“Wa mwisho uko wapi, Hajati?”

“Ah, mwanangu. Wa mwisho nilikuwa nang’oa mimi.”

Alinieleza bila aibu yoyote. Wasomaji wa siku zile walikuwa wakikodi kitabu na kutokomea nacho. Kwa hiyo kila kitabu kipya kikija, jambo la kwanza lilikuwa kuung’oa ukurasa wa mwisho na kuuweka ndani ya debe la biskuti, chini ya kiti chake. Ukirudisha kitabu, unapewa ukurasa, unausoma umesimama mbele yake, unauacha, unakwenda zako. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwibia kitabu.

“Na debe?”

“Mto ulipofurika ukaingia ndani. Kurasa zote zilishikana zikawa kama ugali. Nikatupa.”

Nililala kwake, sebuleni, nikimlaumu mama wa watu kimoyomoyo.

Jumamosi asubuhi, Nabuyonga bado. Nilimwambia Hajati kwamba nitauchora upya. Nilikumbuka yaliyomo, naye alikumbuka vilevile. Karani, ambaye kitabu kizima amekuwa akigonga mihuri na kuwapigia watu kelele, anabaki peke yake ofisini baada ya mpaka kufungwa. Anataka kuvuka, aende nyumbani kwake upande wa pili. Anaitafuta karatasi yake mwenyewe ya kuvukia, na hana. Hajati alikumbuka kwamba Karani alisema maneno mengi sana hapo, akilaani serikali zote mbili. Mimi ndiye niliyeyaandika, lakini hata moja halikunijia.

Nilichora kwenye meza yake ya kulia chakula, kwa nibu na wino nilivyokuja navyo. Mkono wa Idrisa niliujua: mabega ya watu yaliyoinama, viatu vikubwa, mistari mitatu ya jasho. Nilipofika kwenye viputo nikasimama. Kutunga maneno mapya na kuyatia kinywani mwa marehemu niliona ni kumdhulumu. Nikaviacha viputo nje kabisa. Visanduku vinne vya picha, mtu na mihuri yake, kimya.

Hajati alinipa karatasi ya zamani, ya kahawia, iliyobaki katika zile alizokuwa akitilia majalada. Tukaenda duka la fotokopi karibu na shule, tukaupitisha mchoro wangu kwenye karatasi ile, ukatoka unafanana na wenzake kiasi cha kutosha. Kisha Hajati akavaa miwani, akashika sindano.

“Mimi nashona tu,” alisema. “Wakikuuliza, utajibu mwenyewe.”

Mchana, njiani. Basi lilishika barabara ya Tirinyi, likakata mabwawa ya mpunga, na wanawake waliokuwa wakiinama majini hawakuinua vichwa. Kitabu nilikipakata kwenye mfuko wa nailoni. Nilijiambia ninampeleka Idrisa mahali anapostahili. Huo ulikuwa ukweli, kwa wakati ule.

Saa kumi, Jinja. Wenyeji wangu walikutana juu ya duka la vitambaa katika barabara kuu, jengo lenye nguzo za urembo na mwaka uliochongwa kwenye paji. Mwenye duka, Bwana Kirit, aliniambia babu yake ndiye aliyelijenga na baba yake, aliyefukuzwa nchini pamoja na Wahindi wengine, akalirudia baadaye, akalikuta lina watu wengine. Alisema hayo huku akinimiminia chai, sauti ileile ya kuuliza sukari vijiko vingapi. Wengine walikuwa wawili: Waiswa, fundi magari mstaafu, na Nambozo, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamia kutoka Mbale. Yeye ndiye aliyekikumbuka kitabu, kwa sababu mama yake aliwahi kukodi kwa Hajati.

Kitabu kikawekwa mezani. Kirit peke yake ndiye aliyeruhusiwa kufungua kurasa, na alitumia kisu butu cha siagi ili mafuta ya vidole yasiguse karatasi. Wakaanza kubishana, na niseme wazi, sijawahi kuona watu wazima wakibishana hivyo juu ya kitu kisicholiwa.

Kirit aliamini kwamba katuni bora inajulikana kwa kuchakaa. “Angalia kona,” alisema. “Kona ikiwa nyeusi, watu ilisoma. Kona safi, ilikaa kwa duka tu.”

Waiswa alitaka kitabu kilichofanya jambo kabla ya vingine. “Ya kwanza ni ya kwanza, bwana. Wengine wote ni kufuata.”

Nambozo alikuwa amewasomea wanafunzi wake zile nne zilizochaguliwa. “Mbili walilala,” alisema. “Sasa mnaniambia ni bora? Bora kwa nani? Kwa nyinyi wazee?”

Kisha Waiswa akanigeukia, kwa upole, nadhani kwa sababu nilikuwa mgeni. “Muzee, mimi siko na shida na picha ya ndugu yako. Shida yangu ni hii maneno. Kiswahili hapa tulisikia kwa mlango, askari anapiga na buti. Mama anatuficha chini ya kitanda. Mimi nasoma hii kitabu, nasikia ile buti. Siwezi kuchagua hiyo.”

Nilitaka kumjibu kwamba Kiswahili ni lugha ya bibi yangu, ya nyimbo za kubembelezea watoto, na kwamba herufi zile ni zangu wala hazikumpigia mtu mlango. Nikanywa chai tu, kwa sababu alikuwa anasema yaliyompata.

Kirit akafikia ukurasa wa mwisho. Kisu kikasimama. “Hii kona safi,” alisema. “Kwa nini?”

Nikawaeleza habari za debe la biskuti. Kila neno lilikuwa la kweli, ila mafuriko sikuyataja. Walicheka, Nambozo akapiga makofi akisema mama yake alimhadithia jambo hilohilo, na Kirit akatikisa kichwa akaridhika. Uongo wangu ulipita umejifunika ukweli wa Hajati.

Waiswa hakucheka. Alikuwa amevuta kiti, ameinamia ukurasa. Aliukodolea macho muda mrefu sana.

“Hapa hasemi,” akasema hatimaye.

“Hasemi,” Nambozo akaitikia. “Kitabu yote anapiga kelele, anapiga kelele. Hapa imekwisha. Hiyo ndiyo fundi. Hao wengine wote, mwisho wanatuhubiria.”

“Huyu alijua,” Waiswa alisema. “Alijua hii lugha ilifanya nini kwa watu. Akainyamazisha. Kale, sawa basi. Kwa hii ukurasa moja, mimi naweka mkono.”

Akainua mkono. Nambozo akainua wake. Kirit akaweka kisu chini, akainua wake pia. Watatu kati ya watatu. Idrisa alikuwa ameingia.

Nilitakiwa kusema asante na kunywa chai. Hilo tu. Badala yake nilisikia masikio yakipata moto. Watu hawa walikuwa wamezipita kurasa thelathini na moja za kaka yangu na kusimama kwenye mmoja, na ule mmoja ulikuwa wangu, nao walikuwa wanampa yeye. Tena yeye. Kicheko chake nilikisikia mle ndani kana kwamba amekaa kiti cha tano.

“Ukurasa huo nimechora mimi,” nikasema. “Leo asubuhi. Mbale.”

Waiswa aliushusha mkono wake polepole, kama mtu aliyegundua ameuinulia jirani asiyehusika. Kirit aliniangalia. “Mimi nilikuuliza juu ya kona,” alisema. Kisha akachukua mkasi mdogo wa dukani, akakata uzi wa Hajati mshono kwa mshono, akanipa ukurasa katika mkono mmoja na kitabu katika mkono mwingine. “Hii ya kwako. Hii ya ndugu yako. Haiko kamili, haiwezi kukaa mezani.” Nafasi ya tano waliipa katuni ya mpira wa miguu, ambayo Nambozo alisema nayo itawalaza wanafunzi.

Jumapili asubuhi, Masese. Idrisa aliwahi kupanga chumba huko, karibu na mwalo wa wavuvi, na Nambozo alijitolea kunipeleka kabla sijaondoka. Chumba hatukukiona. Kulikuwa na wanawake wakipanga mukene juani, wale dagaa wadogo wa ziwani, na harufu iliyoshika nguo. Nambozo alisimama kando yangu.

“Bambi, Muzee,” alisema, akinionea huruma. “Wewe ni mtu mukweli. Mtu mwingine angenyamaza.”

Nikamwambia kwamba baba yetu alitulea hivyo. Niliipokea sifa ile nikaitia mfukoni, nikapanda gari la Busia. Njia nzima niliitoa na kuitazama, na kila nilipoitazama niliiona ni ya wizi. Mtu mkweli angeacha kulekule Mbale, kabla ya sindano. Au angesema pale Kirit alipouliza habari ya kona. Mimi nilingoja mpaka wamesifu.

Jumapili jioni, Mumias. Mwisho wa masimulizi kama haya msafiri hueleza alichojifunza, na changu ni hiki: miaka yote nilidhani ninamsamehe kaka yangu, kumbe nilikuwa ninangoja zamu yangu. Sikujifunza kwa hiari. Nilijifunza mlangoni kwa Shemeji Rehema, ambaye alikuwa ameketi na wajukuu wawili waliovalishwa nguo za kutokea.

Nilimweleza yote, bila kujipendelea. Aliuomba ukurasa, akausogeza kwenye mwanga, akautazama visanduku vyote vinne.

“Mzuri,” alisema. “Na sasa huko Jinja jina lako wanalijua?”

“Wanalijua, shemeji.”

“Na lake?”

Watoto walikuwa wananitazama. Nafasi ya tano ilikuwa imeshapewa katuni ya mpira, na jina la babu yao halikuwamo.